Imani tano za Makerere zinavyotutawala hadi leo

KILA ninapofika mada ya ubeberu wa lugha katika somo la isimujamii, hakosi mwanafunzi wa kuinua mkono na kuuliza: “Lakini Mwalimu, ni nani anayetulazimisha?” Ni swali la haki. Hakuna askari anayesimama mlangoni mwa mtu kule Kayole au Kapsabet akimwamuru aongee na wanawe kwa Kiingereza. Watu wanakitaka wenyewe. Wanakilipia karo, tena karo ya kuuza ng’ombe, na mtoto akirudi nyumbani likizoni akikitamka kwa puani kama mtangazaji wa runinga ya kigeni, mzazi hutabasamu hadi jino la mwisho.

Jibu tulilozoea kupewa ni kwamba Kiingereza kimeenea kwa sababu ni lugha ya dunia. Ukiuliza kwa nini ni lugha ya dunia, unaambiwa ni kwa sababu kimeenea. Basi tunabaki tukizunguka kama mbwa anayeufukuza mkia wake. Hutajwa idadi ya wazungumzaji, watu takriban bilioni 1.5, ambao wengi wao hawakuinyonya lugha hiyo na maziwa ya mama, na idadi hiyo huchukuliwa kuwa ndiyo hoja. Idadi si hoja. Ni matokeo ya jambo fulani, na jambo hilo ndilo linalostahili kuelezwa.

Mmoja wa waliojaribu kulieleza kwa kina ni Mwingereza Robert Phillipson, katika kitabu chake Linguistic Imperialism kilichochapishwa mwaka wa 1992. Nimekirudia muhula huu baada ya miaka mingi ya kukitaja darasani kwa mazoea tu, jinsi mtu anavyotaja methali bila kufikiria maana yake. Nimekiona kipya. Nimeona pia udhaifu wake. Na nimeona jambo moja lililonikera zaidi: makosa ambayo Phillipson anawashtaki nayo walimu wa Kiingereza, sisi walimu wa Kiswahili tumeyarithi karibu yote.

Tuanze na mwandishi mwenyewe. Phillipson si mtu wa nje anayerusha mawe. Kabla ya kuhamia Denmark na kuwa mhadhiri huko, aliwahi kufanya kazi katika British Council, shirika lililoundwa mwaka wa 1934 kuitangaza Uingereza na lugha yake ughaibuni. Anakijua chungu kwa sababu alishika mwiko. Hoja yake kuu ni kwamba Kiingereza hakikuenea kama mvua inavyowanyeshea watu wote. Kilipandwa, kikapaliliwa na kugharimiwa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, himaya ya Uingereza ilipoanza kubomoka, wakuu wa London walikaa chini wakajiuliza watabakiwa na nini mikononi. Kamati ya Drogheda, iliyotoa ripoti yake mwaka wa 1954, iliona kwamba ufundishaji wa Kiingereza ng’ambo ni jambo lenye faida ya kisiasa na ya kibiashara, na kwamba unastahili pesa. Marekani nayo ikaingia, wakfu kama Ford Foundation ukimimina fedha katika miradi ya lugha kwenye nchi zilizokuwa zikipata uhuru. Vyuo vikuu vikaanzisha idara za kuwaandaa walimu wa Kiingereza kwa wageni, wachapishaji wakapata soko, wataalamu wakapandishwa ndege.

Phillipson hasemi kwamba hii ilikuwa njama ya watu waliojifungia chumbani usiku. Anasema kitu kigumu zaidi kukipinga: kwamba watu wema, walimu waliopenda kazi yao, waliweza kuendesha mfumo usio wa haki bila kuuona, kwa sababu taaluma yao ilikuwa imewafundisha kwamba kufundisha Kiingereza ni suala la mbinu tu, kama kufundisha kushona.

Taaluma hiyo ilipata msimamo wake wapi? Hapa ndipo kitabu kinapogusa mlango wetu. Januari 1961, pale Makerere, kwenye kilima kile kile tunachokitaja kwa fahari kila tunapozungumzia usomi wa Afrika Mashariki, kulifanyika Kongamano la Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru. Uganda ilikuwa imebakisha mwaka mmoja na ushei, Kenya karibu mitatu. Bendera zilikuwa zikishonwa, na huku sera ya lugha ya kufundishia ikijadiliwa na wataalamu ambao wengi wao wangerudi kwao baada ya wiki mbili.

Phillipson aliichukua ripoti ya kongamano hilo akaichuja, na kwenye chujio zikabaki imani tano. Kwamba Kiingereza hufundishwa vyema zaidi kwa Kiingereza chenyewe, bila lugha nyingine kutia mguu darasani. Kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni mzungumzaji asilia. Kwamba kadiri mtoto anavyoanzishwa mapema ndivyo atakavyokijua. Kwamba kadiri anavyofundishwa kwa wingi ndivyo matokeo yatakavyokuwa mazuri. Na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana, viwango vya Kiingereza vitashuka. Phillipson anasema zote tano ni imani potofu, na anatumia sura nzima kuonyesha kwa nini.

Hebu zisome tena polepole, kisha uende ukasimame kwenye lango la shule yoyote ya kibinafsi ya msingi hapa nchini. Utazikuta zote tano zimepakwa rangi ukutani. Kuna kibao cha ‘zungumza Kiingereza hapa’. Kuna picha ya mtoto mweupe kwenye bango la matangazo. Kuna chekechea inayojigamba kwamba watoto wa miaka mitatu hawasikii lugha nyingine tangu asubuhi hadi saa tisa. Wenye shule hizo hawajawahi kusikia habari za kongamano la 1961, lakini wanaliishi kila siku.

Mimi mwenyewe nimevaa ile ‘disiki’. Wasomaji wa umri wangu wataikumbuka: kipande cha mbao kilichotobolewa na kutiwa kamba, kikapitishwa kutoka shingo hadi shingo, na yule aliyekutwa nacho jioni ndiye aliyechapwa. Kazi ya aliyekivaa ilikuwa kumsikiliza mwenzake ateleze na kusema lugha ya nyumbani, ndipo amkabidhi. Tulijifunza Kiingereza, ndiyo. Tulijifunza pia kuviziana. Nilikuwa nikifikiri hilo lilikuwa wazo la mwalimu mkuu wetu mkali. Kumbe alikuwa mtekelezaji mwaminifu wa imani ya kwanza na ya tano.

Je, imani hizo ni potofu kweli, au ni Phillipson anayetaka tu tuziite hivyo? Ushahidi mmoja anaoutaja unatosha kunyamazisha mabishano mengi. Mwaka wa 1970, kule Ile-Ife nchini Nigeria, Profesa Babs Fafunwa na wenzake walianzisha mradi wa miaka sita katika shule ya msingi. Kundi moja la watoto lilifundishwa masomo yote kwa Kiyoruba kwa miaka yote sita, Kiingereza kikiwa somo lililofundishwa vizuri na mwalimu aliyebobea. Kundi jingine lilifuata utaratibu wa kawaida: Kiyoruba miaka mitatu ya kwanza, kisha Kiingereza. Kwa mantiki ya Makerere, kundi la kwanza lilipaswa kuambulia patupu katika Kiingereza, maana lilikuwa limekutana nacho kwa saa chache mno. Haikuwa hivyo. Watoto wale hawakuachwa nyuma katika Kiingereza, na katika masomo mengine walifanya vyema zaidi. Wingi wa saa haukuwa ndio siri. Siri ilikuwa ni kuelewa.

Nasisitiza habari za Ife kwa sababu sera yetu wenyewe inakubaliana nazo kwenye karatasi. Tangu Ripoti ya Gachathi ya 1976, msimamo rasmi nchini umekuwa kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo la shule hadi mwisho wa mwaka wa tatu wa msingi. Mtaala wa umilisi umelirudia jambo hilo hilo. Nenda mashinani uone. Sera iko Nairobi kwenye makabati ya wizara, Makerere ndiko kuliko darasani.

Kuna kongamano la pili lililofanyika kwenye kilima hicho hicho, na ambalo wapenzi wa fasihi wanalijua zaidi. Ni lile la Juni 1962 la waandishi Waafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Alikuwapo Chinua Achebe, alikuwapo Wole Soyinka, alikuwapo kijana mwanafunzi wa hapo hapo aliyeitwa James Ngugi. Baadaye ilikuja kubainika kwamba taasisi iliyoligharimia, Congress for Cultural Freedom, ilikuwa ikipokea fedha za shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Kijana yule, ambaye sote tulimjua kama Ngũgĩ wa Thiong’o hadi alipotuaga Mei 2025, alikuja kukumbusha katika Decolonising the Mind kwamba yeye mwenye hadithi fupi mbili tatu alistahili kuketi pale, ilhali Shaaban Robert, mwenye vitabu vya mashairi na nathari kwa Kiswahili, hakustahili. Shaaban Robert alifariki mwezi huo huo wa Juni 1962. Kila ninapoziweka tarehe hizo mbili pamoja huwa ninanyamaza kidogo.

Mwaka uliofuata, Mnigeria Obi Wali aliandika katika jarida la Transition, lililokuwa likichapishwa Kampala, kwamba fasihi ya Kiafrika kwa lugha za Ulaya imeingia kichochoro kisicho na mlango wa kutokea. Alipigwa mishale kutoka kila upande. Nalitaja hili kwa sababu Phillipson anaeleza kongamano la walimu kwa kina, lakini hili la waandishi halimshughulishi vile. Ni hasara. Makongamano haya mawili ni pacha. Moja liliamua mtoto asome kwa lugha gani, jingine likaamua ni maandishi gani yatakayokuwa ‘fasihi’ atakayoisoma akishakua.

Sasa niseme yanayonitatiza katika kitabu hiki.

La kwanza ni kwamba Mwafrika wa Phillipson ni mtu wa kutendwa. Anafikiriwa, anapangiwa, anafundishwa. Hatendi. Mnigeria Joseph Bisong alimjibu mwaka wa 1995, akisema kwamba Wanigeria hawakudanganywa na mtu: walikichukua Kiingereza macho yakiwa wazi, kwa sababu zao, na wakakitia mikono yao. Phillipson alijibu majibu hayo, na mjadala ukawa mkali. Binafsi naona kila mmoja aliushika mguu mmoja wa tembo.

Historia yetu ya Kenya inamwunga mkono Bisong kuliko tunavyopenda kukiri. Katika miaka ya 1920 na 1930, walowezi wengi hawakutaka hata kidogo Mwafrika ajue Kiingereza. Waliona Mwafrika ajuaye Kiingereza huwa na kiburi, husoma magazeti, huuliza maswali. Waliona afadhali kumwamrisha kwa kile Kiswahili chao kilichovunjika mbavu, tukakiita kisetla. Tume ya Phelps-Stokes ilipopita Afrika Mashariki mwaka wa 1924 ilipendekeza lugha za wenyeji katika madarasa ya chini. Wazazi wengi walilitilia shaka pendekezo hilo, na wala si kwa ujinga. Walijua ni lugha gani inayozungumzwa mahakamani shamba la mtu linapochukuliwa. Shule huru zilizoibuka Kati ya Kenya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 zilizaliwa pia na kiu hiyo ya elimu iliyokuwa ikinyimwa watu. Janina Brutt-Griffler, katika World English cha mwaka wa 2002, anaijenga hoja hii kwa upana: kwamba mara nyingi mkoloni alikibania Kiingereza, na ni waliotawaliwa waliokidai kama silaha ya kupigania haki.

Na uhuru ulipokuja? Tume ya Ominde ilipozunguka kukusanya maoni, mashahidi wengi waliotokea mbele yake walitaka Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Tayari jaribio la namna hiyo lilikuwa limeanzishwa Nairobi mwaka wa 1957 katika shule za watoto wa Kihindi, likasambaa hadi shule za Waafrika. Ripoti ya 1964 ikalibariki. Huwezi kuusoma ukurasa huo ukaendelea kusema kwamba kila kitu kiliamuliwa London.

Hata hivyo, Bisong naye anateleza anapofika kwenye neno ‘chaguo’. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika mkutano wa wazazi, shule fulani ya mashambani, nizungumzie faida ya kuwafundisha watoto wadogo kwa lugha ya nyumbani. Nilizungumza kwa nusu saa. Nikataja tafiti. Nikamaliza nikiwa na uhakika kwamba nimewasha taa. Mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akasimama, akanishukuru kwa heshima zote, kisha akasema:

“Mwalimu, hayo yote ni kweli. Lakini mtihani utaletwa kwa lugha gani? Na huyo daktari, na huyo hakimu, na huyo wa kuandika watu kazi, watamwuliza kwa lugha gani? Mkibadilisha hao, sisi tutabadilisha watoto.”

Watu walipiga makofi. Mimi nilikunywa maji.

Mama yule alikuwa ameichagua Kiingereza kwa macho makavu kabisa, jinsi Bisong anavyodai. Lakini alichagua kati ya nini na nini? Alichagua kati ya mlango mmoja na ukuta. Phillipson ana neno la kueleza ukuta huo: anasema ubeberu wa lugha ni hali ambapo utawala wa lugha moja hudumishwa kwa kujenga na kujenga upya, kila siku, tofauti za mali na mamlaka kati yake na lugha nyingine. Kwa maana hiyo yeye na mama yule wanaelewana vizuri kuliko wanavyoelewana Phillipson na Bisong. Kasoro ni kwamba Phillipson anamtafuta mjenzi wa ukuta London na Washington tu. Kuna waashi wengi Nairobi. Sisi tuliosoma, tunaolipwa vizuri kwa sababu wengi hawakifahamu Kiingereza vilivyo, tuna maslahi ukuta huo usibomoke, hata tunapouhutubia kwa Kiswahili sanifu. Suala la tabaka limo kwenye kitabu, ila limekaa pembeni kama mgeni asiyekaribishwa mezani.

Wala si Kenya pekee. Rwanda, ambayo haikutawaliwa na Waingereza, iliamua mwaka wa 2008 kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia. Sababu zilikuwa za Kigali: siasa za baada ya mauaji ya kimbari, biashara, uanachama katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, viongozi waliokulia Uganda. Tanzania nayo, pamoja na Kiswahili chake chote, imeendelea kuwafundisha wanafunzi wa sekondari kwa Kiingereza licha ya Tume ya Makweta kupendekeza vinginevyo mwaka wa 1982. Mwalimu Nyerere mwenyewe alinukuliwa akisema kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia. Ukimweka Nyerere kwenye kundi la vibaraka wa British Council, utakuwa umeshindwa kuielewa karne nzima.

Kauli hiyo ya Nyerere ndiyo inayonileta kwenye lililonikera. Tuigeuze: Kiswahili nacho ni Kiingereza cha nani?

Tumo katika kipindi cha neema. Jumuiya ya SADC ilikipokea Kiswahili mwaka wa 2019, UNESCO ikatangaza Julai 7 kuwa siku yake mwaka wa 2021, Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwaka wa 2022. Kila Julai 7 tunasimama jukwaani na kutaja wazungumzaji zaidi ya milioni 200. Tazama tunavyopima: kwa idadi, kwa kuenea, kwa viti vya mikutano. Ni kipimo kile kile cha Kiingereza, tumekikata kifupi tu. Mtu akiniambia Kiswahili hakina jeshi wala benki ya kukitia nguvu, hivyo hakiwezi kuwa beberu, ninakubali nusu. Kwa mtoto wa Kajiado anayekutana nacho shuleni, tofauti hiyo ya majeshi haionekani. Anachokiona ni mwalimu.

Na mwalimu huyo tumemfundisha nini? Tumemfundisha kwamba Kiswahili hufundishwa kwa Kiswahili tupu. Shule nyingi zina siku zake za Kiswahili kwa wiki, na disiki ile ile, kamba ile ile, hufanya kazi siku hizo pia. Kuhusu mzungumzaji asilia tumejichanganya vibaya zaidi kuliko hata Waingereza. Mtu wa bara tunamwambia kwamba Kiswahili chenyewe kiko pwani. Kisha mtoto wa Mvita akiandika ‘mato’ badala ya ‘macho’, au ‘ndia’ badala ya ‘njia’, tunamkata alama, kwa kuwa mwaka wa 1928 kikao kilichokaa mjini kwake Mombasa kiliamua usanifishaji ufuate lahaja ya Unguja. Kwa hiyo mzungumzaji asilia anasifiwa kwenye hotuba na kuadhibiwa kwenye insha.

Vyama vyetu vya Kiswahili vikiandika waraka kwa wizara, ombi huwa moja: vipindi viongezwe. Hiyo ni imani ya nne, neno kwa neno. Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985. Kizazi kizima kimepitia miaka kumi na miwili ya vipindi, na bado wahariri wa gazeti hili wanajua barua wanazopokea zikoje. Tatizo haliwezi kuwa saa pekee.

Ya tano sina haja ya kuieleza. Andika tu neno ‘Sheng’ kwenye kichwa cha makala, utaona barua zitakazomiminika. Ati inaua Kiswahili. Ati inashusha viwango. Sijaona utafiti ulionishawishi kwamba kijana anayejua Sheng hawezi kujua Kiswahili sanifu kwa sababu ya Sheng, kama vile watoto wa Ife hawakushindwa na Kiingereza kwa sababu ya Kiyoruba. Tunalirudia kwa sababu lina mlio wa kitu tulichokisikia utotoni, shingoni tukiwa na mbao.

Phillipson hakuandika kuhusu haya, na si haki kumlaumu kwa kutoyaandika. Ila kitabu chake kinasomwa kwenye idara zetu za Kiswahili kama silaha dhidi ya jirani wa ghorofa ya juu, idara ya Kiingereza. Wanafunzi huondoka wakiwa na hasira nzuri, na mbinu zile zile. Ningependa kisomwe kwa namna nyingine: mahali palipoandikwa Kiingereza, weka Kiswahili, uone ni sentensi zipi zinazobaki kuwa za kweli. Si zote. Ni nyingi kiasi cha kutosha.

Muhula uliopita nilikwenda kumkagua mwalimu mwanafunzi wetu aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kutwa kaunti ya Nyeri. Somo lilikuwa ngeli ya U-I. Alieleza kwa Kiswahili kizuri, akatoa mifano, akaandika jedwali ubaoni. Darasa lilimtazama kama watu wanaosubiri matatu. Mara akageuka, akasema: “Mũtĩ. Mĩtĩ. Nyumbani mnasemaje, moja na nyingi?” Wakacheka, wakajibu kwa pamoja. Akachora mstari kutoka mũtĩ hadi mti, kutoka mĩtĩ hadi miti, na mvulana mmoja wa safu ya mbele akasema, karibu kwa hasira, kwamba basi hili jambo analijua tangu zamani. Dakika tano zilizofuata zilikuwa bora kuliko nyingi nilizowahi kuziona darasani. Mwalimu mwenye watoto wanaozungumza Dholuo asingeweza kutumia njia hiyo, kwa kuwa lugha hiyo haina ngeli za namna hiyo, naye angejua kwamba hapo ndipo pa kutumia muda mrefu zaidi. Lakini kulijua hilo kunahitaji uziruhusu lugha hizo kuingia darasani kwanza.

Kipindi kilipoisha alinijia mbio, uso umemshuka. “Samahani Mwalimu, niliteleza.”

Fomu yetu ya ukaguzi ina sehemu ya kutumia lugha lengwa wakati wote wa somo. Nilikaa na kalamu mkononi kwa muda, kisha nikamkata alama mbili, kwa kuwa ndivyo fomu inavyotaka na alama hizo hupitiwa na mkaguzi wa pili. Idara inakutana mwezi ujao kuzipitia fomu hizo, na nimekwisha kuomba suala hilo liwekwe kwenye ajenda.